Sura ya Nne: Tezi Kabla ya Mashine

Mnunuzi wa boti iliyokwisha kutumika, awe Msasani, Nungwi, Kilifi au Watamu, huanza pale pale alipozoea kuanza anaponunua gari. Kofia ya mashine hufunguliwa, ufunguo huzungushwa, injini inanguruma, mchirizi wa maji ya kupoozea unaruka kutoka ubavuni, na nusu ya biashara imekwisha. Kinachobaki ni kuvutana bei. Mazoea haya hayakuzuka bure: mashine ndiyo sehemu ghali, ndiyo yenye jina linalojulikana, na ndiyo inayotoa sauti ambayo hata asiye fundi hujidai kuielewa. Hata hivyo, hoja ya sura hii ni kwamba utaratibu huo umesimama kichwa chini miguu juu. Kwa boti ya starehe ya faiba, ya futi 18 hadi 28, inayofungwa mashine kwa nje, kitu cha kukaguliwa kwanza ni mwili, na katika mwili huo, kwanza kabisa ni ukuta wa tezi, yaani ule ukuta mnene wa nyuma unaobeba mashine. Zamu ya mashine inakuja baadaye, tena ikiwa tu mwili umefaulu.

Muuzaji atakuambia kwamba faiba haiozi, na hatakuwa amedanganya. Nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini haziliwi na mchwa wala haziozeshwi na kuvu. Zipo boti zilizofinyangwa miaka ya 1960 ambazo bado zinaelea. Tatizo ni kwamba boti zilizo faiba tupu ni chache. Tabaka jembamba la faiba hunepa, na tabaka nene la kutosha kutonepa ni zito na ghali. Kwa hiyo viwanda vingi, kwa miongo kadhaa, vimefuata njia ya kati: faiba nyembamba nje, faiba nyembamba ndani, na katikati kitu chepesi cha kuongeza unene. Kwenye sitaha kitu hicho mara nyingi ni balsa au plaiwudi. Kwenye mihimili inayopita chini ya sitaha kutoka omo hadi tezi ni mbao au povu gumu. Kwenye ukuta wa tezi wa boti nyingi za zamani ni vipande vya plaiwudi vilivyogundishwa pamoja na kuvikwa faiba pande zote. Ukiugusa unagusa faiba, lakini nguvu yake inatoka kwenye ubao. Kisha ukuta huo huo hutobolewa: boliti za mashine, tundu la kutolea maji, skrubu za kihisi cha kupimia kina na kutafutia samaki, skrubu za ngazi. Kila tundu linategemea utepe mwembamba wa gundi ya kuzuia maji, na gundi hiyo huchoka kwa jua na mtikisiko miaka mingi kabla ya faiba kuchoka. Mwenye jahazi hutia kalafati na kupaka shahamu kila inapobidi kwa sababu anaziona mbao zake. Mwenye boti ya faiba hana habari kwamba ana mbao, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji vitu vinne: mbao yenyewe, hewa, joto na maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi hauozi, hata ukae miaka mingapi. Pwani ya Afrika Mashariki haina majira ya baridi ya kuwalaza kuvu, basi joto lipo mwaka mzima, na kinachoamua ni maji tu. Lakini maji gani? Wengi hudhani ni ya bahari, kumbe chumvi huwadumaza kuvu. Adui mkubwa zaidi ni mvua. Boti inayotoka kila wiki, inayooshwa na kuachwa ikauke ikiwa imeinuliwa omo, inaweza kuwa na tezi nzima kuliko ile iliyokaa chini ya mwembe masika mawili mfululizo bila kuguswa. Tazama kalenda ya wavuvi wa michezo wa Malindi na Watamu: kusi ikishika kasi, boti nyingi hupandishwa nchi kavu, na miezi hiyo ya mwanzo wa kusi ndiyo miezi ya masika. Turubai likipasuka, au mtu akisahau kuchomoa kiziba cha tezi, maji ya mvua hujaa ngamani na kukaa huko wiki nyingi, yakitafuta kila tundu la skrubu. Ndiyo maana sifa ambayo dalali huitoa kwa fahari, kwamba boti haikutumika sana, haipaswi kumpunguzia mtu hamu ya kukagua. Swali la kwanza la kumuuliza mwenye boti lihusu mahali boti ilipolala wakati wa mvua, na ilivyofunikwa. Saa za injini zinaweza kusubiri.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vyombo vya maabara. Nyundo ndogo ya plastiki inatosha, au hata mpini wa bisibisi. Gonga ukuta wa tezi taratibu, shubiri kwa shubiri, kutoka juu kwenda chini, na usikilize. Faiba iliyoshikamana na ubao mkavu hujibu kwa mlio mkali unaokatika mara moja. Ubao uliolowa, au faiba iliyoachana na ubao, hutoa mlio mzito usio na mrejesho. Ugumu ni kwamba mlio hubadilika pia kwa sababu zisizo na ubaya, mathalani mahali ambapo nyuma yake pana tangi au kiunzi. Hapa umbo la boti lenyewe linasaidia. Boti nyingi zimejengwa ili upande wa kulia ufanane na wa kushoto, kwa hiyo kila mlio unaotia shaka upande mmoja una shahidi wake upande wa pili. Pande zote mbili zikilia sawa, huenda ni ujenzi. Upande mmoja ukilia na mwingine ukinyamaza, kuna jambo. Kisha vua viatu utembee juu ya sitaha kwa nyayo tupu, hasa pembeni mwa kila kitu kilichopigwa skrubu: nguzo za ukingo, miguu ya viti, vifuniko. Mahali panapobonyea chini ya kisigino pameshaachana na ubao wake.

Rudi kwenye tezi, kwa sababu mzigo ulio pale hauna mfano kwingine kokote botini. Mashine ya mipigo minne ya nguvu farasi 150 ina uzito unaozidi kilo 200, na uzito huo unaning'inia nje ya boti. Propela inapousukuma mguu wa mashine kwenda mbele, bamba la kufungia hukandamiza sehemu ya chini ya ukuta na kuzivuta boliti za juu kwenda nyuma. Boti inapoanguka kutoka juu ya wimbi, mvutano huo hugeuka kuwa pigo. Basi mwombe mtu aushike mguu wa mashine na kuupandisha na kuushusha kwa nguvu, huku wewe umekodolea macho mahali ukuta unapokutana na mbavu za boti. Ukuta mzima hautikisiki. Ukiona unapumua, au tone la maji linajitokeza kandokando ya boliti, huna haja ya kuendelea na ukaguzi. Angalia pia kwa upande wa ndani kama washa za boliti zimezama kwenye faiba, maana plaiwudi iliyolainika hubonyea chini yake. Nyufa nazo zinahitaji macho ya kutofautisha. Zile zinazotawanyika kama miale kutoka nukta moja kwa kawaida ni alama ya kitu kizito kilichoanguka, na hazina uzito mkubwa. Zile zinazofuata kona za chini za sehemu iliyokatwa kwa ajili ya mashine, zikiwa ndefu na zenye weusi ndani, zinasema ukuta umekuwa ukinepa kwa muda mrefu. Rangi mpya sehemu hiyo peke yake, wakati boti nzima imepauka, ni jambo la kuulizia.

Kuna pingamizi hapa ambalo ni la haki. Mlio ni ushahidi wa kukisia, na njia ya hakika ya kuujua ubao ni kuutoboa. Muuzaji gani atakubali boti yake itobolewe na mtu ambaye huenda asinunue? Hata mimi nisingekubali. Lakini tezi tayari imetobolewa. Omba ruhusa ya kufungua skrubu moja iliyopo tayari, ya chini kadiri inavyowezekana, kwa mfano ile ya kihisi cha kina, na kuirudisha kwa gundi mpya. Skrubu ikitoka na unga mkavu wa mbao wa rangi ya asili, ni habari njema. Ikitoka inateleza, na nyuma yake maji ya kahawia yenye harufu ya uozo yanachuruzika, umepata jibu kwa muda mfupi na bila gharama. Tundu la kiziba nalo husema mengi: toa bomba lake kama limelegea, uchokonoe ukingo wake kwa ncha ya bisibisi. Mwenye boti anayekataa hata hilo ana haki ya kukataa, nawe una haki ya kuhesabu bei kana kwamba ukuta umeoza.

Kipima unyevu cha umeme, ambacho baadhi ya wakaguzi huja nacho, ni msaada wenye mipaka. Hakikupi asilimia ya kweli ya unyevu ndani ya faiba, bali kinalinganisha sehemu na sehemu. Tangi la chuma nyuma ya ukuta au unyevu wa juu tu unaweza kukidanganya. Kitumiwe kuthibitisha nyundo, kisitumiwe badala yake. Na malengelenge chini ya mstari wa maji, yale mapovu madogo yenye kimiminika chenye harufu kali kama siki, yamewatia watu hofu kuliko yanavyostahili. Yanatokea maji yanapopenya gelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa, na kuyeyusha masalia ya kemikali ndani ya faiba. Yanashusha bei, yanatia kazi, lakini boti iliyozama kwa sababu yake ni nadra. Wanunuzi wanaokimbia malengelenge na kuikumbatia boti yenye tezi laini wamechagua kibaya zaidi kati ya viwili. Ili kuliona tumbo la boti vizuri, ipandishwe kwenye trela, au isubiriwe maji ya bamvua: kupwa kwa siku hizo huacha boti kavu juu ya mchanga kwa muda wa kutosha kuizunguka ukiwa na tochi.

Jambo jingine ambalo macho hayalioni ni uzito. Boti nyingi zimejazwa povu chini ya sitaha ili zisizame zikijaa maji, na povu hilo, ingawa limeundwa lisinywe maji, huanza kuyanywa baada ya miaka mingi ya kukaa ngamani. Lita 300 zilizonaswa ndani ya povu ni kilo 300, sawa na abiria wanne ambao hawashuki kamwe. Boti iliyo kwenye trela inaweza kupelekwa kwenye mizani ya malori; ondoa uzito wa trela, mashine na mafuta, kisha ulinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda. Isipowezekana, wasimamishe watu wazima wawili tezini boti ikiwa majini. Ikiwa matundu ya kutolea maji sitahani yanazama na maji yanarudi ndani, ama povu limelowa, ama mtu alibandika mashine nzito kuliko ile iliyokusudiwa. Hilo la pili si nadra, kwa kuwa wenye boti wengi wametoka kwenye mashine nyepesi za mipigo miwili kwenda za mipigo minne bila kuuliza boti ilipimwa ibebe nini.

Sasa nirudi kwenye pingamizi kubwa, lile la fedha. Mashine nzuri inaweza kuwa na thamani kuliko mwili mzima, kwa nini basi mtu asianze na penye pesa? Jibu ni kwamba gharama za mashine zinajulikana, na za mwili hazijulikani. Mashine ikiwa mbovu unaweza kupata bei ya silinda, ya pampu, au ya mashine nyingine nzima, ukaiondoa kwenye bei ya boti kabla hujafungua pochi. Tezi iliyooza haina bei mpaka ifunguliwe: mashine ishushwe, faiba ya ndani au ya nje ikatwe, plaiwudi ichongolewe mpaka ubao mkavu uonekane, na mara nyingi ubao mkavu hauonekani mpaka kazi ifike kwenye mihimili, ambayo nayo iko chini ya sitaha itakayokatwa. Fundi mwaminifu atakataa kutaja bei kabla ya kuona. Zaidi ya hayo, mashine inaweza kufunguliwa na kuhamishiwa boti nyingine, au kuuzwa peke yake kwa siku chache. Ukuta wa tezi hauuziki. Kama mashine ndiyo unayoitaka na mwili umekufa, nunua mashine kwa bei ya mashine. Kosa ni kulipa bei ya boti.

Mwili ukifaulu, mashine inastahili ukaguzi wake, na hapo fundi yeyote mzuri wa mashine za boti ataongoza kuliko kitabu. Fika kabla haijawashwa, uguse kichwa cha injini. Kikiwa na joto, kuna mtu aliyetaka usione inavyowaka ikiwa baridi. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi iliyo kwenye mguu: mafuta yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili, aghalabu kwa sababu ya mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela. Mgandamizo wa silinda zote upimwe, na tofauti kati yao isizidi takriban asilimia 10. Ulingano wao una maana kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Vipande vya madini vinavyojitoa kuliwa na kutu badala ya mashine huwa vya zinki au alumini kwa maji ya chumvi na vya magnesi kwa maji baridi, kwa hiyo boti iliyoletwa pwani kutoka Ziwa Victoria ikiwa bado na vya magnesi imekuwa ikiliwa kwa namna isiyotarajiwa. Kipande kizima kabisa kwenye mashine ya zamani si sifa mpaka ujue kimewekwa lini, kwani kilichopakwa rangi hakifanyi kazi hata kidogo.

Wapo wasemao kwamba yote haya ni maneno, na kwamba saa moja baharini itafichua kila ubovu. Majaribio ya baharini ni ya lazima, lakini yanafichua hasa kile kinachozunguka. Tezi iliyooza nusu inaweza kustahimili saa moja ya kaskazi tulivu, kisha ikaachia kwenye kusi ya kwanza. Yatumie basi kwa jambo ambalo yana uwezo nalo. Kila mashine ina kiwango cha mizunguko inachopaswa kufikia gesi ikiwa imefunguliwa yote; kwa nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, na kitabu chake kitasema hasa. Ikishindwa kufika ilhali imekaguliwa na kuonekana nzima, na tumbo la boti ni safi, basi ama propela si yake, ama inasukuma uzito usioonekana. Hapo namba ya mashine imekuwa ushahidi juu ya mwili. Mkirudi ufukweni, fungua ngama mara moja uangalie maji na unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini kabisa, kwa hiyo harufu hafifu huko ni tangi au bomba la kushughulikiwa kabla mtu hajagusa swichi tena.

Karatasi haziondoi uozo, lakini zinausogeza ukweli karibu. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 zina namba ya utambulisho kwenye tezi, upande wa kulia. Kwa zilizoundwa tangu 1984 tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Za soko la Ulaya zina namba kama hiyo inayoanza na herufi za nchi. Linganisha mwaka huo na mwaka unaotajwa na dalali, na namba hiyo na ile iliyo kwenye cheti cha usajili, kiwe cha mamlaka ya vyombo vya majini ya Tanzania Bara (TASAC), ya Zanzibar (ZMA) au ya Kenya (KMA). Kwa boti iliyotoka Ghuba au Afrika Kusini, dai hati za forodha zinazoonyesha kwamba ushuru ulilipwa, maana chombo kilichoingia kwa kibali cha muda kinaweza kumletea mnunuzi deni ambalo hakulitengeneza.

Lililobaki ni malalamiko kuhusu gharama ya mkaguzi. Mkaguzi wa kweli si rahisi, na katika miji mingi ya pwani si rahisi hata kumpata. Lakini fundi wa faiba yupo karibu kila mahali penye boti za utalii, na siku yake moja ni sehemu ndogo sana ya bei ya boti yoyote. Sharti ni kwamba alipwe na mnunuzi, asiletwe na dalali, na asiwe yeye atakayepewa kazi ya kurekebisha atakachokiona. Na kabla ya arbuni kutoka, makubaliano yaandikwe hata kama ni nusu ukurasa: kwamba skrubu ya tezi itafunguliwa mbele ya pande zote mbili, kwamba boti itapimwa uzito au kujaribiwa ikiwa na watu tezini, kwamba mashine itawashwa ikiwa baridi, na kwamba lolote kati ya hayo likikataliwa au likishindwa, arbuni inarudi yote siku hiyo hiyo.